Nilimfuta Koko Kwenye Historia ya Usharika Wetu

Kosa ni langu. Sitaki kuzungukazunguka kama mzee wa kanisa aliyeulizwa divai ya meza ya Bwana imeishaje katikati ya wiki.

Niliandika uongo katika historia ya usharika wetu. Nikausoma kwa kipaza sauti mbele ya Baba Askofu, nikapigiwa vigelegele na tarumbeta juu. Na kwa uongo ule, mjane mmoja akanyang'anywa kipande cha ardhi kidogo kuliko sebule yangu, mahali alipochagua kulala siku akifa, ubavuni mwa mumewe.

Nichekeni. Nitukaneni pia mkipenda. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, maana najua wengi wenu mko kwenye kamati kama ile niliyokuwamo mimi.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa sekondari hapa Arusha, na siku za Jumamosi nilikuwa nafundisha kipaimara. Nimezaliwa Machame. Sisi watu wa Machame tuna ugonjwa mmoja: tunaamini Mungu alishukia kwetu kwanza, wengine akawapitia tu wakati wa kurudi. Nilipohamia mjini, huku upande wa Elerai, nikakuta usharika ambao ibada ya kwanza ya asubuhi bado inaendeshwa kwa lugha ya Waarusha. Niliguna. Nikasema moyoni, hawa nao wamemjua Yesu juzi.

Juzi! Nilikuwa nimekaa kwenye benchi waliloweka wao, chini ya paa walilopandisha wao, nawahesabia wao ugeni.

Kwa wasio Walutheri, niwaeleze taratibu, maana hapa ndipo jambo lote lilipo. Usharika hauanzi na jengo. Unaanza kama mtaa: watu wachache wanakusanyika nyumbani kwa mtu, mwinjilisti anawajia, wanaongezeka, mpaka siku wanapopewa mchungaji wao na kuitwa usharika. Miaka ikipita wanafanya jubilei. Na jubilei bila historia ni sherehe ya kula pilau tu. Kwa hiyo mtu mmoja huandika kijitabu, na siku yenyewe husimama mbele ya mgeni rasmi akasoma tulikotoka. Kikishasomwa, hakuna anayebisha tena. Ni kama Agano la Kale la pale kanisani.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilivimba, jamani! Nilikuwa natembea kama nimeandika Zaburi.

Kuanza nilianza vizuri. Niliambiwa nimwone Koko Nashipai. Koko ni bibi kwa lugha yao, na Nashipai si jina lake; nampa hilo kumstiri, ingawa wa kustiriwa nilikuwa mimi. Ndiye peke yake aliyekuwa amebaki hai kati ya wale wa mwanzo. Alikuwa anaishi nyuma ya kanisa, katika nyumba ya mbao iliyozungukwa na vyumba vya kupangisha kila upande. Alinikaribisha loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, akanitazama nikila.

"Kula, yeyo. Wachaga mnapenda kuonja. Huku tunakula."

Aliniita yeyo, yaani mama, siku hiyo hiyo ya kwanza.

Akanisimulia. Mwinjilisti alikuwa anakuja kwa miguu. Walisali kwenye banda la ng'ombe la mumewe, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na paa la kutosha watu wote. Ng'ombe walitolewa asubuhi, watu wakaingia, na ndama mmoja mkaidi alikuwa hatoki, akasali nao. Alicheka mpaka akashika mbavu. Watu walipojaa, mumewe akakata sehemu ya shamba lake na kumpa mwinjilisti. Hakuuza. Alitoa.

"Ila alisema neno moja," Koko akaniambia. "Alisema, jengeni popote, lakini hii kona ya barabarani niachieni. Nitalala hapo mimi na mke wangu, tusikie mkiimba. Mwinjilisti akakubali. Wakapiga magoti wote, wakaomba, yakaisha."

"Mliandikiana, Koko?"

"Watu wameomba pamoja kwa Mungu, halafu waandikiane?"

Mumewe alifariki akazikwa kwenye ile kona. Kaburi lilikuwa la mawe, bila saruji, limezungushiwa ua wa minyaa. Ubavuni paliachwa nafasi. Kila mtu wa zamani alijua nafasi ile ni ya nani. Hata mimi nilijua! Nilikuwa nawakataza wanafunzi wangu wa kipaimara wasikalie yale mawe.

Niliandika yote hayo, mpaka yule ndama. Kisha nikapeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya jubilei.

Mwenyekiti wetu ni mfanyabiashara, mtu wa kwetu, amevaa suti nzito na kubeba akili nyepesi. Ni wale watu ambao wakitoa mifuko ya saruji kanisani wanasimama wakingoja Mungu awape risiti. Alisoma huku anakunja uso, kama anaonja mtori wa ndizi uliochacha.

"Mwalimu, banda la ng'ombe?"

"Ndiyo, mzee. Ndipo tulipoanzia."

"Baba Askofu aje kutoka huko, na wageni wake, tumwambie tulianzia kwenye samadi?"

Mimi, mwalimu wa kipaimara, ninayefundisha watoto kila mwaka kwamba Bwana wao alizaliwa zizini, nikanyamaza. Mnaona aina ya mtu niliyekuwa?

Akafungua ukurasa uliofuata. Hapo ndipo uso ukabadilika kabisa.

"Hili la kona futa. Unajua pale tunajenga fremu?"

Nilijua. Kila usharika mjini sasa una fremu, yale maduka yanayopangwa mbele kutazama barabara, kanisa likakusanya kodi. Na kona ile ndiyo iliyokaa vizuri kuliko zote.

"Ukiandika tulipewa kwa masharti, wajukuu watakuja na mwanasheria. Andika kiwanja kilinunuliwa na waanzilishi."

"Lakini mzee, hakikununuliwa."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi."

Basi! Ndivyo historia inavyoandikwa kwetu. Asiyekuwepo anamuuliza asiyekuwepo, wanakubaliana, na aliyekuwepo hasikilizwi kwa sababu hajui kusoma.

Ningeweza kubisha. Nilikuwa mzee wa kanisa, kura ninayo, mdomo ninao. Lakini aliongeza neno moja kwa sauti laini, akijishika kitambi: "Fremu zikiisha, Mwalimu, ya kwanza ni yako. Wewe si ulitaka duka la gauni za kipaimara na vitabu vya nyimbo? Hatuwezi kumsahau mwandishi wetu."

Nikafuta. Nilifuta banda, nikafuta ndama, nikafuta maombi na kona. Jina la Koko likabaki sehemu moja tu, kwenye orodha ya akina mama waliopika siku ya kuweka jiwe la msingi. Nikajiambia ni kufupisha tu. Mtu mwenye elimu akitaka kutenda dhambi hakosi kitenzi kizuri cha kuifunika.

Siku ya jubilei mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, na mahema yalijaa mpaka barabarani. Wazee wa zamani waliwekwa viti vya mbele, Koko katikati yao. Alikuwa amevaa shanga zake zote, na juu yake amefunga kitambaa cha umoja wa wanawake. Alikuja kusikiliza mumewe akitajwa.

Nikasimama. Nikasoma: "Kiwanja hiki kilinunuliwa na waumini waanzilishi, watu wenye maono." Makofi! Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akainua mkono kama vile wenye maono ni yeye.

Koko akamgeukia binti aliyekaa jirani, akauliza kitu. Kiswahili changu cha kusoma kilikuwa kigumu kwake. Yule binti akamtafsiria sikioni.

Nilimwona akisikiliza. Kisha akanitazama. Hakukunja uso, hakunyooshea mtu kidole. Alinitazama jinsi unavyomtazama mgeni uliyemlisha, ukakuta ameondoka na sufuria. Nikainamisha macho kwenye kijitabu nikaendelea kusoma, na sauti yangu, Mungu anisamehe, haikutetemeka hata kidogo.

Mashine ya kusawazisha ile kona ilipokuja, mtoto wake wa kiume, nimwite Lomnyaki, alikuja ofisi ya usharika. Mimi nilikuwamo. Mchungaji wetu alikuwa amehamishiwa kwetu karibuni, hakujua lolote zaidi ya alichosoma, kwa hiyo mwenyekiti ndiye aliyejibu.

"Pale amelala baba yangu," Lomnyaki akasema.

"Tunajua, ndugu yangu. Na tunaheshimu. Hatutafukua kaburi."

"Mtafanyaje sasa?"

"Tutalifunika tu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka! Lomnyaki alipozungumzia ahadi ya mwinjilisti, mwenyekiti akavuta kijitabu changu mezani, akakifungua na kuweka kidole. "Soma hapa. Kilinunuliwa. Kimesomwa mbele ya Askofu na mama yako akiwepo. Alipinga?"

Lomnyaki akanigeukia. "Mwalimu, ulikaa kwetu siku nzima. Mama alikwambia nini?"

Nikasema: "Mimi niliandika nilichopewa na kamati."

Naomba mkiangalie kwa makini kijisentensi hicho. Ni cha heshima na kimepiga pasi. Hakuna neno moja la uongo ndani yake, na chote ni uongo. Nimewahi kukutana na wezi wa kuku wenye haya kuliko mimi.

Zege likamwagwa. Minyaa iling'olewa. Na kweli, mwenyekiti alitimiza neno lake: nilipewa fremu ya kwanza. Fremu ya kwanza ni ile ya kona.

Mtaniuliza, uliingia? Niliingia! Nilitandika zulia la plastiki juu ya sakafu ile, nikatundika gauni nyeupe, nikapanga vitabu vya nyimbo. Nilijiambia zege ni zege.

Wateja wa mtaani ndio walionifundisha. Mama mmoja muuza mboga, niliyemzoea, alikuja kununua kitabu cha nyimbo. Akasimama kizingitini.

"Nipe huku huku nje, Mwalimu."

"Ingia mama, uchague."

"Humo siingii. Humo kuna mwenyewe."

Akaweka pesa dirishani, akachukua kitabu kwa ncha za vidole, akaenda. Wengine hawakuja hata dirishani. Ibada ya kwanza ya asubuhi ikaanza kupungua watu. Wazee wakawa wanasali nyumbani kwa Koko. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka za vitu, zile ndizi na kuku na maziwa yaliyokuwa yanatoka kwao hayakuonekana tena. Kamati ikasema ni hali ya uchumi. Kamati! Watu ambao nyumba ikiungua watasema ni joto la msimu.

Nilishindwa. Nikaamua kwenda kuomba radhi, na hata hapo nikaenda kwa kiburi. Kwetu Machame ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ni mila nzito. Nikachuma isale mpakani kwa jirani, nikaenda nalo kwa Koko. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilikuwa nimebeba msamaha wangu mkononi, kazi yake ni kuupokea tu.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Hilo ni jani gani?"

Nikamweleza kwa uvumilivu, kama darasani. Nikamwambia maana yake, na kwamba kwetu halikataliwi.

"Kwenu," akasema. "Hapa mbuzi watalila."

Nikapiga magoti. Nikasema nimekosa, Koko, nilijua ukweli nikasoma uongo.

"Nani amekusikia ukisema hivyo?"

"Wewe, Koko."

"Mimi nilikuwa najua. Ulinikosea kwa kipaza sauti, yeyo, watu wote wakapiga makofi. Sasa unakuja kuniomba msamaha kwa kunong'ona, jikoni?"

Nikaliweka jani sakafuni.

"Nenda ukasome tena. Pale pale, kwa watu wale wale. Sema alitoa. Wakishasikia hivyo, labda wataona haya, wataniachia hata pembeni ya ukuta nimkaribie. Halafu uje bila majani."

Aliniita yeyo bado! Aliniachia mlango wazi kabisa. Kilichobaki kilikuwa kusimama Jumapili moja wakati wa matangazo na kusema maneno mawili ya Kiswahili: hakikununuliwa, kilitolewa.

Unajua nilifanya nini? Nilisubiri Kwaresima ipite, kwamba ni wakati wa toba, nisivuruge watu. Sikiliza upumbavu huo! Kisha nikasubiri Pasaka ipite, kwamba ni furaha. Kisha kulikuwa na harambee. Kisha mgeni kutoka dayosisi. Mwoga akishika kalenda ya kanisa hakosi sikukuu ya kujificha.

Koko akafariki.

Kona ilikuwa na fremu. Pembeni ya ukuta palikuwa na tangi la maji. Lomnyaki akamzika shambani kwake, huko Kisongo, kwenye vumbi na upepo, mahali ambapo hakuna kengele wala kwaya inayosikika. Mzee amelala mjini chini ya zulia langu la plastiki, na mkewe amelala Kisongo.

Viongozi wote wa usharika tulikwenda msibani, tumekaa viti vya mbele kama kawaida yetu. Mnajua utaratibu wa misiba: kabla ya mahubiri husomwa wasifu wa marehemu. Ratiba ilipofika hapo, Lomnyaki akasimama na kipaza sauti. Nilidhani atasoma yeye. Akatembea mpaka kwangu.

"Mwandishi wetu wa historia yupo," akasema, na watu wote wakasikia. "Mwalimu, soma. Wewe ndiye unayejua mama yangu alikuwa nani."

Hakunipa karatasi. Hakukuwa na karatasi.

Mwenyekiti alinivuta kanga. "Sema alizaliwa, akabatizwa, akaolewa. Kaa chini."

Nikasimama. Nikaanza na banda la ng'ombe. Nikasema na ndama. Wazee wa zamani waliguna, kisha mmoja akacheka, kisha wakacheka wote huku wanalia. Nikasema ardhi ya kanisa letu ilitolewa na mume wa mama huyu, hakuuza, na alichoomba ni kona moja tu. Nikasema niliyajua hayo kabla ya jubilei. Nikasema niliyafuta kwa kuahidiwa duka, na duka lenyewe liko juu ya mume wake.

Upepo unapiga turubai.

Mwenyekiti akainuka, akakohoa, akasema kwa ile sauti yake laini: "Tumwombee Mwalimu. Amechanganyikiwa na msiba."

"Kaa, mzee," akasema bibi mmoja kutoka nyuma. "Leo ndiyo amepata akili."

Baada ya hapo yalinipata niliyostahili. Niliondolewa kwenye baraza la wazee, darasa la kipaimara akapewa mwingine. Funguo za fremu nilikuwa nimeshazirudisha mwenyewe. Sasa yumo kijana anayeuza vifaa vya simu, na biashara, nasikia, hairidhishi. Watu wa kwetu hawanisalimu, wanasema nimewaanika. Kijitabu bado kinauzwa mlangoni mwa kanisa, na uongo wangu umo kama nilivyouandika. Kamati imesema itaangalia suala hilo katika toleo lijalo. Toleo lijalo! Yaani jubilei ijayo, ambapo sisi wote tutakuwa udongo.

Lomnyaki nilimfuata baada ya mazishi. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akajibu bila hasira: "Mimi hukunikosea chochote, Mwalimu. Uliyemkosea ndiye yule tumemfukia." Akaniletea chai, nikanywa, nikaondoka. Sijui kama nitapata adhabu kubwa kuliko chai ile.

Jina langu siliandiki kwa ajili ya familia yake, wasije wakafuatwafuatwa. Wa usharika wetu wananijua, walinisikia kwa masikio yao.

Sasa wewe unayesoma, nakuomba kama dada yako. Huenda usharika wenu unakaribia jubilei, na kwa kuwa una mwandiko mzuri watakuita wewe. Nenda, usiogope, ni kazi njema. Watafute wa mwanzo wangali hai. Kula wanachokupa. Andika na ndama. Ukimaliza, kabla hujapeleka kwenye kamati yoyote, rudi kwa yule bibi umsomee yeye kwanza, kwa lugha anayoielewa, umwangalie usoni.

Na kama umeshakosea, kama mimi, usingoje Kwaresima wala Pasaka. Nenda Jumapili hii, omba kipaza sauti, useme. Utaaibika, ndiyo, lakini aibu inapita. Sema wakati yule uliyemkosea angali anaweza kukwambia amekusamehe au amekataa. Mimi nilisema ukweli wote, vizuri, kwa ufasaha, mbele ya watu wengi, na mtu pekee niliyetaka anisikie alikuwa ndani ya jeneza.